Nyumba Iliyojua Kikisii

Mara ya kwanza alisikia mtu akifagia.

Ilikuwa mchana, jua la Texas limesimama utosini, na Kwamboka alikuwa amelala chumbani nyuma ya mapazia mazito, kwa sababu kazi yake ya uuguzi kule Plano ilikuwa ya zamu ya usiku na usingizi wake ulikuwa wa mchana. Ufagio ulikwenda polepole, shwaa, shwaa, ufagio wa njiti juu ya udongo mkavu, ukisita mara moja moja kama wa mtu anayeinama kuokota jani. Akageukia upande wa pili. Usingizi ulikuwa umeanza kumchukua tena alipokumbuka kwamba nyumba ile ilitandikwa zulia kila chumba, na nje ni nyasi mpaka kwenye ua wa jirani. Udongo wa kufagia haukuwapo.

Alijiambia ni uchovu. Wauguzi wa usiku husikia mengi.

Walikuwa wamehamia juzi juzi tu, mwanzoni mwa likizo ya shule ya mwaka 2003. Walitoka Euless, kwenye nyumba ya kupanga ambapo ndege zilipita juu ya paa hadi vikombe vikatetemeka kabatini, wakaja kwenye mji huu mdogo wa soko, kaskazini ya Plano. Ulikuwa mji wa kizamani. Katikati palikuwa na mahakama ya mawe, maduka ya matofali yameizunguka pande zote, na Jumamosi wakulima waliegesha malori yao kivulini wakauza mahindi mabichi, matikiti na asali. Patroba, mumewe, aliupenda siku ile ile aliyouona. Alisema kazini kwake, kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege, ata-drive tu hata kama ni mbali, mradi binti yao Tania apate nyasi za kukimbilia.

Na kabla ya kuhama walikuwa wameuliza kila ambacho watu huuliza. Waliuliza kuhusu shule. Waliuliza kama kimbunga kikija watajificha wapi, kama majirani Wazungu watawaitikia salamu, kama maji ya bomba yananyweka, na duka la karibu lenye unga wa ugali liko wapi. Watu wa kanisani Euless waliwashauri usiku na mchana. Hakuna aliyewaambia waulize ni nani walikaa nyumba ile kabla yao, na kwa nini walitoka.

Kwamboka alihamia pale na huzuni ambayo hakuwa ameitaja kwa mtu. Mama yake, Nyaboke, alikuwa amefariki Kisii miaka miwili nyuma. Wakati huo makaratasi ya Kwamboka ya uhamiaji yalikuwa hayajakamilika, na wakili alimwambia waziwazi kwamba akitoka Marekani hatarudi. Hakwenda. Siku ya maziko alivaa sare yake akaenda kazini, akamwogesha mama wa mtu mwingine, akamchana nywele, akamfunika shuka mpaka kidevuni. Hakulia siku hiyo, wala hakulia baadaye. Patroba, Mluo wa Kendu Bay, alimwachia nafasi akidhani ndivyo Wakisii wanavyoomboleza. Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili, na Tania, mwenye miaka sita, aliwajibu kwa Kiingereza. Kikisii hakuwa na wa kukisema naye. Kilikuwa kimekaa kinywani mwa Kwamboka kama jino lisilotafuna.

Ufagio ulirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kisha ikaja harufu. Aliamka mchana mmoja nyumba imejaa moshi wa kuni, na ndani ya moshi ule harufu chungu ya mboga za chinsaga zikichemka kwa maziwa, kama jikoni kwa mama yake. Akatoka chumbani miguu mitupu. Jiko la umeme lilikuwa baridi. Tania alikuwa ameketi sakafuni, amenyoosha miguu mbele na kukunja mikono mapajani, kama wanavyoketi vikongwe, na wanasesere wake wamelazwa kifudifudi pembeni.

Mtoto akainua uso, akasema kwa Kikisii safi, chenye lafudhi ya watu wa milimani:

"Umeamka, Kambo? Rudi ulale kidogo. Umechoka."

Kambo. Jina hilo alimwita mama yake peke yake. Patroba hakulijua.

Mtu mwingine angepiga kelele, angemnyakua mtoto na kukimbilia barabarani. Kwamboka aliketi chini hapo hapo, mkabala na binti yake, akalia. Alilia machozi ya miaka miwili, na Tania akamfuta shavu kwa kiganja kilichokuwa kikavu na baridi. Alipoweza kusema, aliuliza ni nani aliyemfundisha maneno hayo. Tania akamjibu kwamba ni nyanya, anayefagia.

Tangu siku hiyo Kwamboka hakutaka usingizi. Alirudi asubuhi, Patroba akaondoka kwenda kazini, naye akafunga mapazia yote, akaketi sakafuni na mwanawe. Wakasimuliana. Mtoto alimwambia habari za ng'ombe aliyezama mtoni, za shangazi aliyekataa kuolewa, za mvua iliyong'oa bati la shule; habari za kweli zote, za kabla Tania hajazaliwa. Alasiri gari la Patroba lilipokunja kuingia, sauti ile ilikatika, na Tania akawa Tania wa siku zote, akamkimbilia baba yake na Kiingereza chake. Patroba aliona mkewe anaimba akipika. Alifurahi. Aliwapigia simu rafiki zake wa Euless akawaambia kuhama kumewatengeneza.

Lakini mtoto alikuwa akiisha. Kwanza aliacha nyama, halafu wali, halafu akawa anasukuma sahani hata ya chapati. Macho yakaingia ndani. Alikuwa na rafiki yake wa Euless aliyempigia simu kila Jumapili. Jumapili moja alishika mkono wa simu akasikiliza, akauweka chini kimya. Alipoulizwa na baba yake alisema hamjui msichana huyo. Kiingereza chake kikawa na matundu. Alionyesha kijiko akashindwa kukitaja. Kwamboka aliyaona yote hayo. Alikuwa muuguzi, angeyaona kwa mgonjwa yeyote. Alinunua vitamini akajiambia ni joto.

Aliyemfumbua macho alikuwa jirani, Bi Loretta, mjane wa Kizungu aliyemwagilia maua yake karibu na ua. Alimwita Kwamboka akamuuliza kwa upole kama mtoto ni mgonjwa. Kisha, akiangalia chini, akasema kwamba waliokaa pale kabla yao walikuwa baba na mwana kutoka Vietnam. Baba yule alihamia akiwa mwenye majonzi, baada ya wiki chache akawa anacheka peke yake uwanjani mchana kutwa, anazungumza na hewa. Mwanawe alitolewa mle ndani juu ya machela, mwepesi kama mto wa kulalia.

"Kwa nini hukutuambia?" Kwamboka aliuliza.

"Mlikuja mnafurahi," mama yule alisema. "Nami hakuna aliyeniuliza."

Jioni hiyo Patroba aliporudi, Tania hakumkimbilia. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akamtazama baba yake toka viatuni mpaka kichwani, akamgeukia Kwamboka na kumuuliza kwa Kikisii:

"Huyu mwanamume ni nani? Mwambie aondoke kwako."

Patroba hakuelewa neno hata moja. Lakini aliona uso wa mkewe. "Mama Tania," alisema taratibu, "mtoto wetu anaongea lugha gani?"

Ndipo Kwamboka akamweleza yote, kwa kunong'ona, kana kwamba kuta zina masikio. Patroba hakumkaripia. Aliketi, kofia yake ya kazi mkononi, akauliza jambo moja tu, amekijua kitu hicho kwa muda gani. Kwamboka akaenda kumkusanyia Tania nguo.

Kulipopambazuka waliingia garini kuelekea Houston. Mkongomani mmoja wa kazini kwa Patroba alikuwa amemtajia Mama Cécile, mwanamke wa Bukavu aliyekuwa na duka la samaki wakavu na mawese kule Alief, na chumba nyuma ya duka alimowaombea watu. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Kadiri walivyouacha ule mji nyuma ndivyo Tania alivyozidi kulia, si kilio cha mtoto bali cha mtu mzima msibani, cha chini, kisichoomba kitu, na harufu ya moshi wa kuni ikajaa garini hata Patroba akaisikia, akafungua madirisha yote na haikutoka, ikawa kama inatoka ngozini mwa mtoto, naye Kwamboka aliyeketi nyuma amempakata akausikia ufagio, shwaa, shwaa, safari hii ndani ya kifua kidogo alichokuwa amekikumbatia, kila mara mtoto alipovuta pumzi.

Mama Cécile alikuwa mnene, mpole, kitenge kimefungwa juu ya kifua. Hakumgusa mtoto. Alimtazama sana, kisha akamgeukia Kwamboka akamuuliza mama yake alizikwa wapi, na kama alimlilia. Kwamboka akajibu kwamba ni Kisii, kwamba hakwenda, na kwamba siku ya maziko hakulia.

"Mutoto yangu," Mama Cécile alisema, "ule haiko mama yako. Mama yako alienda zamani, anapumuzika. Hii kitu ilikuwa inakaa mu ile nyumba, haina sura, haina sauti. Weye ukaingia na mama yako mu roho, hujamuzika. Ikamuvaa, sawa mutu anavaa nguo. Sasa inakula mutoto ili ibakie."

Akasema yeye ataomba, lakini atakayeifukuza ni yule aliyeikaribisha. Kisha akaongeza, macho yake yamejaa huruma, kwamba ajue jambo moja: nguo ambayo kitu hicho kimevaa, kitaondoka nayo. Kwamboka hakuyatilia maanani maneno hayo. Alikuwa akiangalia midomo ya mwanawe, imekauka na kupasuka.

Wakamketisha mtoto mkekani. Mama Cécile akaanza kuomba kwa sauti ya chini, mkono wake umeinuliwa, Patroba amepiga magoti karibu na mlango. Tania akaacha kulia. Akatabasamu, na tabasamu lile Kwamboka alilijua, lilikuwa la mwanamke aliyepoteza jino moja la mbele uzeeni, ingawa meno ya mtoto yalikuwa kamili.

"Kambo," sauti ile ilisema, "nilikungoja. Siku tatu walinilaza sebuleni nikingoja, watu wakiuliza Kwamboka yuko wapi, na mimi nikiwaambia yuko njiani, anavuka, binti yangu niliyemzaa nikivuka mto hawezi kushindwa kuvuka, na wakanishusha udongoni mikono yako haimo, na udongo ule ulikuwa baridi, Kambo, nikatembea juu ya maji yote yale nikitafuta mlango wako mpaka nikaupata, nikakufagilia, nikakupikia, nikakusemesha lugha yako wakati hakuna mtu wa kukusemesha, na sasa umenileta kwa watu wageni wanitupe mara ya pili?"

Patroba baadaye alisema hakuwahi kuona mtu akiumia bila jeraha kama mkewe saa ile. Mkono wa Kwamboka ulikwenda wenyewe kuelekea shavu la mtoto, ukafika karibu kabisa, ukasimama. Aliona kucha za Tania zimegeuka samawati. Alikuwa ameziona kucha za namna hiyo mara nyingi kazini, na alijua kinachofuata.

"Mama yangu amelala Kisii," alisema kwa Kikisii, polepole, kama anayejifunza kusema. "Sikumzika. Kosa hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe, mtoto wangu hatalibeba. Wewe si yeye. Mama yangu asingemla mjukuu wake. Niachie Tania."

Kitu kile kikamwita. Kilimwita Kambo, mara nyingi, kila mara kwa sauti hafifu zaidi, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo akirudi nyuma, na Kwamboka hakuitika. Kuita kule kulipokoma, hata mvumo wa jokofu la dukani ulisikika. Harufu ya moshi ikaondoka. Tania akaanguka ubavuni, akapiga chafya, akafungua macho na kumwona baba yake.

"Daddy," alisema, "I'm thirsty."

Hawakulala tena kwenye nyumba ile. Patroba alikwenda na wenzake kuhamisha vitu, na kabla hajakabidhi ufunguo alimweleza mwenye nyumba kilichowapata, akachekwa. Walirudi Euless, chini ya ndege. Tania akanenepa, akampigia rafiki yake, akaanza darasa la kwanza. Neno la Kikisii hakubaki nalo hata moja.

Ilikuwa Oktoba Kwamboka alipotambua. Alikuwa anasuka nywele za Tania, akataka kumwambia jambo ambalo mama yake alikuwa akilisema wakati wa kusuka. Maneno aliyakumbuka. Sauti haikuja. Akaitafuta siku nzima, usiku kazini akaitafuta, akijaribu jina lake, kicheko, wimbo wa kanisani. Uso aliuona vizuri. Ulifungua kinywa, na kinywani hamkutoka kitu.

Akampigia kaka yake Kisii, bila kumweleza sababu, akamwomba chochote chenye sauti ya mama. Kaka yake akatuma kaseti ya arusi yake mwenyewe, ya mwaka 1996, siku ambayo mama alizungumza Kiswahili kwa ajili ya wakwe.

Waliisikiliza Jumapili, wote watatu, mezani. Ngoma ilisikika, na vigelegele, na mjomba mlevi akishukuru. Kisha watu wa kwenye kaseti wakanyamaza kama wanaomsikiliza mtu, wakaangua kicheko, wakanyamaza tena. Kwamboka alingoja. Tania akaacha kula, akauliza huyo bibi anayeongea ni nani.

"Ni nyanya yako," Patroba alimwambia. Akatabasamu, akamtazama mkewe, na tabasamu likamtoka usoni.

Kwamboka alikuwa ameinamia redio, sikio limegusa kitambaa cha spika.

"Anasema nini?" aliuliza.

Patroba akamwambia, neno kwa neno, kwa sauti yake nzito ya kiume: "Waiteni watoto wale, chakula kinapoa."

Kwamboka akamwomba aseme tena.