Aliyepika Aonje Kwanza

“Hata kuku wameukataa!”

Ida alicheka mpaka akashika ukuta. Kuku walikuwa wameudonoa ule mkate mara moja tu, wakautazama kwa jicho la upande, kisha wakaenda zao kufukua majani.

Edina hakucheka. Aliuokota, akaugonga kwa kucha. Ukalia ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi.

“Dada Ida, usinicheke. Siku mama yake Othmar akikubali kuja, nitampa nini?”

“Nisicheke vipi, mdogo wangu? Mpelekee baba afungie kwenye nyavu. Utazama vizuri kabisa!”

Kabla Edina hajajibu, simu ya Ida ililia dirishani. Ilikaa pale pale siku zote, ndani ya bakuli, kwa sababu nyumba nzima mtandao ulikamata dirishani tu. Mnara wa simu wenyewe ulikuwa mgeni hapo Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, na watu walikuwa bado wanapiga kelele wakiongea, wakidhani hawasikiki.

Ida akausoma ujumbe kwa sauti:

“Edina wangu, mama amekubali. Tunashuka kesho na basi la asubuhi. Nimemwambia mkate wako hauna mfano. Usiniangushe. Othmar.”

Edina akaichukua simu, akausoma tena. Othmar alikuwa karani wa mnunuzi wa kahawa huko Mbinga, mmoja wa wale wanunuzi binafsi walioanza kuingia baada ya biashara kufunguliwa. Mwaka mzima walikuwa wanapendana. Na mwaka mzima mama yake, Mama Katarina, alikuwa hajataka kusikia habari ya binti wa ziwani.

Edina akabipu. Othmar akapiga.

“Kipenzi, umepata ujumbe?”

“Othmar, kwa nini umemwambia mama yako najua kuoka mkate?”

“Kwani vibaya?”

“Sijui kuoka! Hamira yenyewe nimeiona wiki hii!”

“Edina, mama umeshamsikia. Ana mgahawa, anataka mkamwana wa kuushika. Kila siku ananitajia binti wa Kigonsera aliyefundishwa na masista. Sasa ningemwambia nini? Kwamba wewe unajua kukausha vidagaa vya usipa?”

Edina akatazama nje ya dirisha, kwenye vichanja vya kukaushia.

“Edina? Haloo? Upo?”

“Nipo. Nakausha usipa.”

“Jamani, sikumaanisha hivyo.”

“Umesema hivyo.”

“Basi sikiliza. Nimeshapata dawa. Nitakuja na mkate kwenye begi. Nitampa Ida kwa mlango wa nyuma, wewe utauweka kwenye sahani tu. Nani atajua?”

“Mimi nitajua.”

Vocha ya Othmar ikaisha, simu ikakatika. Edina akabaki ameishika simu sikioni kama mtu aliyesahau namna ya kuishusha.

Jioni hiyo hakutulia. Alikaa, akasimama, akaenda kwenye maji, akarudi. Mwisho akajaribu tena. Alichemsha maji mpaka yakaruka, akayamwagia unga wa ngano na hamira, akakoroga kwa nguvu zote. Hivyo ndivyo alivyozoea kusonga ugali wa muhogo tangu utotoni, na kila mtoto wa pwani ile anajua kwamba maji yasipochemka sawasawa, muhogo hausongeki. Kisha akaweka sufuria jikoni, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Akafunua. Akafunika. Akafunua tena.

“Edina, kaa chini, unanitia kizunguzungu,” mama yake, Mama Sekela, akamwambia.

“Mama, hauumuki.”

“Utaumuka saa ngapi na wewe unauchungulia kama mgonjwa mahututi?”

Haukuumuka.

Asubuhi ujumbe ukaingia: “Tumefika Tingi. Mama ana furaha, anasifia milima. Jiandae.”

Edina akafagia uwanja mara ya pili.

Basi liliwashusha jua likiwa limeshapanda. Mama Katarina alikuwa mwanamke mnene, mwenye kitenge kilichopigwa pasi na macho yasiyopitwa na kitu.

“Shikamoo mama,” Edina alisema, amepiga goti, akitazama chini.

“Marahaba mwanangu. Ndiye wewe fundi wa mkate?”

Edina akafungua mdomo kujibu. Othmar akadakia.

“Ndiye, mama. Ni mwenye haya tu.”

“Mbona unamjibia? Hana ulimi?”

Huku nyuma, begi lilikuwa limeshapita mlango wa jikoni. Edina alipoingia aliukuta mkate kwenye sahani. Ulikuwa umeumuka ukaumuka, rangi yake kama chungu kipya. Pembeni, wake mwenyewe ulikuwa umejikunja kama kobe.

“Peleka, mdogo wangu,” Ida alinong’ona. “Leo mkate, kesho harusi. Mengine utajifunza ukiwa ndani.”

Edina akapeleka.

Kahawa ikamiminwa. Mama Sekela akamkaribisha mgeni kwa mikono miwili. Mama Katarina akautazama mkate kitambo. Halafu akasema:

“Haya mwanangu. Onja, tule.”

Desturi hiyo ilikuwa moja, ziwani na kule milimani kwa kina Othmar: aliyepika huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone hakuna kibaya ndani. Na anayeonja ni kama ameapa. Amesema chakula hiki kimetoka mkononi mwangu.

Edina akakata kipande. Akakipeleka mdomoni. Othmar akamkonyeza. Edina akakirudisha kipande kwenye sahani.

“Siwezi, mama.”

“Huwezi nini?”

“Kuonja. Sikuupika mimi.”

Othmar akapaliwa na kahawa. Mama Sekela akashika kichwa.

Mama Katarina hakushtuka hata kidogo. Aliugeuza ule mkate, akatia kidole kwenye shimo dogo lililokuwa ubavuni.

“Najua. Hii ni alama ya kopo langu la kuokea. Huyu huyu Othmar aliliangusha akiwa mdogo, likabonyea hapa, na tangu siku hiyo kila mkate unaookwa humo hutoka na shimo. Nimeutambua ulipotokea mlangoni. Nilikuwa nangoja nione kama utaonja.”

Mama Katarina akausukuma mkate pembeni.

“Wako uko wapi?”

“Mama, wangu ni aibu.”

“Ulete.”

Edina akauleta. Mama Katarina akaugonga mezani, vikombe vikaruka.

“Umekandia maji gani?”

“Ya kuchemka, mama. Yalikuwa yanaruka.”

“Kama ya ugali wa muhogo?”

“Ndiyo, mama.”

Mama Katarina akacheka mpaka kitenge kikamfunguka.

“Umeiua hamira, mwanangu! Hamira ni kitu hai, inataka maji ya kumwogeshea mtoto!” Kisha akamgeukia Othmar, kicheko kikakatika ghafla. “Na wewe, mwizi wa mikate?”

“Mama, nilitaka umpende.”

“Nimpende yupi? Huyu, au yule uliyemtunga?”

Hapo ndipo Edina alipoinuka. Hata yeye hakujua maneno yalikotoka.

“Mama, nisamehe. Mkate nitajifunza. Lakini Othmar ananionea aibu. Akinificha leo kwa mama yake, kesho atanificha kwa rafiki zake. Mimi nakausha usipa. Ndio ulionilea.”

Akatoka. Othmar akamfuata mbio mpaka kwenye vichanja vya usipa.

“Edina, nisamehe.”

“Unanitaka mimi au unataka mtu wa mgahawa?”

“Nakutaka wewe.”

“Mbona hukumwambia hivyo?”

“Niliogopa.”

“Mimi ni mwoga kuliko wewe, Othmar. Nimesema.”

Othmar akavua kofia. Alisimama pale na shati lake la karani, akizungusha kofia mkononi.

“Othmar!” mama yake aliita toka mlangoni. “Nawa mikono. Aliyeuza uongo ndiye atakayekanda.”

“Mimi, mama?”

“Kwani nina Othmar mwingine?”

Maji ya vuguvugu yakaletwa. Edina akapima unga, Mama Katarina akasimama juu yao, na Othmar akakanda huku mikono ya shati imekunjwa. Majirani wakajaa uani.

“Jamani, karani anakanda!”

“Kandamiza, shemeji!” Ida alipiga kelele. “Usiuonee huruma, wenyewe haukuonei!”

Donge likafunikwa kwa kanga, likawekwa juani. Othmar akasogea.

“Edina, umenisamehe?”

“Haujaumuka.”

Othmar akaenda akarudi. Akakaa akasimama. Donge likavimba taratibu mpaka kanga ikainuka. Wakalitia kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu.

“Edina, sasa je?”

“Haujaiva.”

“Utaiva lini? Ngoja nichungulie kidogo…”

Edina akampiga kibao mkononi.

“Usifunue! Hata mimi najiuma vidole nisichungulie.”

Harufu ikaanza kutoka. Ikazunguka uani, ikafika kwa majirani, na watoto waliokuwa wakioga ziwani wakapanda na maji yakiwachuruzika. Mama Katarina akainua mfuniko.

Mkate ulikuwa umeinamia upande mmoja, kama mtu aliyevaa kofia kimadaha. Lakini ulikuwa umeumuka.

Ukawekwa mezani. Mama Katarina akaketi, akakunja mikono.

“Haya. Aliyepika aonje kwanza. Nani kapika?”

Othmar akatazama chini. Safari hii hakudakia.

Edina akakata kipande. Akakishika mkononi, moshi ukifuka. Halafu akakivunja katikati, nusu akaiweka kiganjani mwa Othmar.

“Tumepika wawili, mama.”

Wakala pamoja. Mama Katarina naye akachukua chake, akatafuna polepole.

“Chumvi imezidi,” akasema. “Jasho la mwanangu hilo.” Akamgeukia Mama Sekela. “Mama mwenzangu, mshenga wangu nimtume lini?”

Vigelegele vya Ida vikawatimua kuku hadi nyuma ya nyumba. Walirudi alipowatupia ganda la mkate, na safari hii waliligombania.