Msomaji Mwenye Mafua

Kila asubuhi baba aliketi mezani, akapapasa kibodi, akaanza kazi. Alikuwa fundi saa kwa miaka thelathini. Macho yalipopofuka, hakukubali kukaa bure. Aliandika kitabu cha kufundisha ufundi wake, na kompyuta ilimsomea kwa sauti kila alichoandika. Sura ya mwisho ilitakiwa katika chuo cha ufundi ifikapo Ijumaa.

Kompyuta ilitumia mfumo wa Linux, na aliyeitunza ni binti yake wa mwisho.

"Baba, huyu msomaji wako ana mafua," binti alimtania kuhusu sauti ya kompyuta, iliyotokea puani.

"Mwache na mafua yake. Tumezoeana."

Lakini Jumatatu binti alitaka kumfurahisha. Mtandaoni alikuta mtu asiyemjua akisifia sauti mpya ya kusomea. "Ongeza ghala langu, kisha sasisha kila kitu," aliandika mtu huyo. Ghala ni mahali ambapo kompyuta huchukua programu. Binti akanakili maagizo kama yalivyo.

Kompyuta ikasema puani, "Sahihi ya ghala hili haijathibitishwa."

"Inasema nini?" baba akauliza.

"Inalalamika tu, baba."

Akaiamuru iamini ghala hilo hata bila sahihi. Alipoizima na kuiwasha, ilikuwa kimya. Baba alibonyeza, akabonyeza tena.

"Mwanangu," alisema polepole, "sasa nimepofuka mara ya pili."

Maneno hayo yalimchoma binti. Alitoka mbio hadi kwa jirani yao, fundi wa kompyuta aliyeitwa Mama Waya.

"Shikamoo mzee," Mama Waya alisema alipoingia. "Nasikia mgonjwa wetu amepoteza sauti."

"Marahaba. Mponye, Ijumaa inakuja."

Mama Waya alisoma orodha ya maghala, akatikisa kichwa.

"Ghala hili ni la toleo jingine la mfumo. Uliposasisha, lilibadilisha hata programu zinazotoa sauti."

"Kumbe!" baba akacheka kidogo. "Binti, umetia gurudumu la saa nyingine. Linaingia, lakini saa haitembei."

"Ndiyo hivyo, mzee. Kibaya zaidi, kifurushi cha programu kikisakinishwa huwa na mamlaka juu ya kompyuta nzima. Sahihi ndiyo inayoonyesha kimetoka kwa nani. Hapa hatujui kimeingia nini kingine."

"Nilidhani ni kelele tu," binti alinong'ona. "Na kitabu?"

"Kipo. Tunakinakili kwenye flashi, kisha tunasakinisha mfumo upya."

Walifanya hivyo siku hiyo hiyo. Jioni, yule wa mafua akarudi. Baba akapiga meza kwa furaha.

"Basi tuiache sauti mpya," binti alisema.

"Kwa nini? Tuitafute kwa njia yake," Mama Waya akajibu. "Kwanza tazama ghala la mfumo wenyewe."

Haikuwemo. Wakaenda kwenye ukurasa wa watengenezaji wa sauti hiyo. Walikuwa na ghala la toleo lao hasa. Binti alipakua ufunguo wa kuthibitisha sahihi ya ghala, akalinganisha herufi na namba zinazoutambulisha, moja moja, na zile zilizoandikwa pale. Zikalingana. Mama Waya akamwonyesha jinsi ya kufanya ufunguo huo uaminiwe kwa ghala hilo peke yake, na kuliruhusu kutoa kifurushi kimoja tu. Binti akaandika yote daftarini, pamoja na tarehe.

"Sasa kabla ya kukubali, soma orodha ya mabadiliko."

"Hapana," baba akasema. "Nisomewe mimi."

Msomaji akasoma kwa mafua yake: kitaongezwa kifurushi kimoja, hakuna kitakachobadilishwa, hakuna kitakachoondolewa.

"Kimoja tu?"

"Kimoja, baba."

"Haya, kubali."

Binti akabonyeza. Sauti ya mwanamke, safi kama maji, ikaanza kusoma sura ya mwisho: "Kabla hujafunga saa, iweke sikioni. Isikilize."

Baba aliinamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho wa ukurasa.

"Amepona," akasema. "Keti hapa mwanangu, tumalizie."

Alhamisi mchana, sura ilifika chuoni.