Mlango wa Kijani

Kila alasiri akitoka shule ya misheni, Tereza alipitia kwa Mama Malimi, muuza maandazi, akapata andazi moja na habari tatu, ndipo akaenda kibandani kwa baba yake. Baba yake, Antoni, alikuwa fundi cherehani hapo Mirongo, mjini Mwanza. Mwaka huo wa 1936 nyumba za mtaani hazikuwa na namba. Kwa hiyo fundi aliweka daftari lenye jina la kila mteja na, chini yake, alama za nyumba yake. Tereza, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyeliandika na kulisoma.

Wahindi wengi wa mjini walikuwa wateja wao, na Wahindi hupaka nyumba zao rangi upya kila inapokaribia Diwali, sikukuu ya taa. Ndiyo maana sikukuu ilipokwisha, Antoni alimpa binti yake daftari na kumwambia, "Pita nyumba zote arobaini, uone kilichobadilika." Tereza alirudi jioni akiwa ameweka alama ya vyema kwenye kila mstari. Baba akamsifu mbele ya watu.

Wiki moja baadaye, Jumatano, Bwana Ramniklal aliingia kibandani bila hata hodi.

"Fundi, nguo za Nirmala ziko wapi?"

Antoni alisimamisha cherehani. "Si umeshaletewa? Furushi la kwanza Jumatatu, la pili jana."

"Nimeletewa na nani? Sijaona hata uzi! Binti yangu anaolewa Jumapili. Atavaa magazeti?"

Macho yote yakamgeukia Ng'washi, mchukuzi, aliyekuwa amekaa kizingitini. Alikuwa na wiki tatu tu kazini. Hakujua kusoma, kwa hiyo Tereza alimsomea alama za nyumba, naye akazirudia mara mbili, akajitwika furushi na kuondoka.

"Nilifikisha," alisema Ng'washi. "Nilimpa bibi wa nyumba."

"Bibi yupi? Mke wangu hajapokea kitu!" Ramniklal alimnyooshea kidole. "Nguo zisipoonekana kesho, ninamwita askari. Huyu atalala ndani."

Jioni hiyo kwa Mama Malimi hapakuwa na habari nyingine.

"Mtu asiye na maneno mwogope, mwanangu," alisema huku akigeuza maandazi. "Nani anajua anakolala? Anasema Kiseke. Kiseke ipi? Na jana nimemwona kwa macho yangu haya, amefunga kitu kwenye ncha ya shuka. Unajua nini? Jalebi! Mchukuzi na vitamutamu vya Kihindi, wapi na wapi?"

"Basi anauza nguo ananunua jalebi!" Tereza aliruka. Hapo hapo akakumbuka kwamba Jumatatu Ng'washi alirudi vidole vikinata sukari. Kila alichokumbuka sasa kilikuwa ushahidi. Ule ukimya wake. Lile tabasamu la peke yake. Hata kule kurudia maneno mara mbili, kama mtu anayepanga jambo.

Kesho yake Antoni alimkabidhi Ng'washi furushi la tatu kama kawaida. Baba alirudi kwenye cherehani yake yenye kelele, na Tereza akamsomea mchukuzi mlangoni: "Ramniklal. Ng'ambo ya mto, nyuma ya dobi. Mlango wa kijani, dirisha la duara." Mchukuzi alipotoka, baba alinong'ona, "Mfuate. Asikuone."

Ng'washi alivuka mto Mirongo, akageuka nyuma. Tereza akajibana kwenye jabali. Ng'washi akapita kwa dobi, katikati ya mashuka yaliyoanikwa, akasimama, akaangaza huku na huku. Ana wasiwasi wa nini kama hana hatia? Tereza alichungulia kati ya mashuka mawili yaliyolowa. Ng'washi alibisha mlango wa kijani. Aliyefungua hakuwa mke wa Ramniklal, bali ajuza mmoja wa Kihindi. Alilipokea furushi, akacheka, akampa Ng'washi kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Ng'washi akakichomeka kwenye shuka.

Tereza alikimbia akiwa na kandambili mkononi. "Baba! Nimemkamata! Ana bibi anayempokelea!"

Msafara ukaondoka: Antoni, Ramniklal aliyekuwa amekuja kudai nguo, na Mama Malimi aliyeacha maandazi yake kwenye mafuta. Ng'washi walikutana naye mtoni, wakarudi naye. Walipofika penye mlango wa kijani, Ramniklal alishangaa.

"Lakini hapa ni kwa jirani yangu, Mama Bhanumati!"

Ajuza alitoka, mkono sikioni kwa kuwa alikuwa kiziwi kidogo. "Karibuni! Njooni mwone! Mwanangu wa Bukoba amenikumbuka Diwali hii. Zawadi mara tatu! Na huyu mchukuzi mtu mzuri sana, kila siku nampa jalebi."

Kitandani pake palikuwa na mafurushi matatu, na sari ya bibi harusi, aliyoitarizi Antoni, ikimetameta juu yake.

Ramniklal alimgeukia Ng'washi. "Kwa nini ulileta hapa?"

"Nilisomewa mlango wa kijani, dirisha la duara," Ng'washi alijibu taratibu. "Mlango si huu? Dirisha si lile?"

"Wangu mwekundu! Ulipakwa kabla ya Diwali. Huu wa Mama ndio uliopakwa kijani, na madirisha yetu yote ni ya duara."

"Daftari letu lilikaguliwa baada ya Diwali," alisema Antoni kwa uchungu. "Binti yangu alipita nyumba zote. Aliona mwekundu, akaandika mwekundu, akamsomea mwekundu. Ng'washi, nilikuamini."

"Basi aitwe askari," alisema Ramniklal.

Ng'washi aliinama, akaiweka ile karatasi ya jalebi kizingitini kwa Mama Bhanumati, kama mtu anayerudisha mali ya wizi. Tereza angekaa kimya, hakuna ambaye angejua.

"Baba," alisema, "sikupita."

"Hukupita wapi?"

"Popote. Nilikaa kwa Mama Malimi tukizungumza mpaka jioni. Vile vyema niliviweka pale pale, kwenye benchi."

Mama Malimi alikumbuka ghafla maandazi yake yaliyokuwa yakiungua, akaondoka mbio.

Antoni alimwonyesha Ng'washi kwa kidole, akasema, "Mwambie yeye, si mimi."

Tereza alipiga magoti mbele ya mchukuzi. "Nisamehe, mjomba. Kosa ni langu."

Ng'washi aliiokota karatasi yake. "Hizi ni za mwanangu, Shimba. Ana miaka minne. Mngeniuliza, ningewaambia."

Nirmala alivaa sari yake Jumapili. Mama Bhanumati, aliyekwisha kumwandikia mwanawe barua ya shukrani, alialikwa harusini akakalishwa mbele. Na Jumatatu Tereza na Ng'washi walianza kupita nyumba arobaini. Kila mlangoni Tereza alimuuliza mwenye nyumba, akaandika, akamsomea alichoandika, kisha akatia tarehe. Tena hakuandika rangi. Aliandika jabali, kisima, kona.

Walipomaliza, Antoni alilifungua daftari, akapitisha kidole mstari baada ya mstari.

"Mwanangu," alisema, "ulipoweka alama ya vyema mahali ambapo hukufika, ulidhani umeudanganya mstari wa daftari. Kumbe ulimweka mtu mlangoni pa gereza. Na mimi mwenyewe nilimshuku mtu kabla ya kulishuku daftari. Siku nyingine kitu kikipotea, tuanze kukagua kazi yetu wenyewe." Akafika ukurasa wa mwisho. "Ng'washi, wewe hatujakuandika. Kwako ni wapi hasa?"

"Kiseke. Penye jiwe linalofanana na ng'ombe aliyelala. Mlango hauna rangi," Ng'washi alicheka, mara ya kwanza kibandani humo. "Karibu ningesema nyumba haina hata mlango."

Antoni alimpa binti yake kalamu. Tereza aliishika, akaichovya katika wino, kisha akairudisha mezani.

"Siandiki bado," alisema akitafuta kandambili zake. "Twende kwanza nikaione."