Zamu ya Luteni Carlyon

Kila Loveday alipoifuta ile darubini ya shaba, mahali pa kuwekea jicho palikuwa na joto, kana kwamba mtu ametoka kuchungulia sasa hivi. Mumewe, Jago, baharia wa manowari pale bandari ya Plymouth, aliinunua mnadani. Ubavuni ilichongwa jina: Luteni Carlyon. Kijana wa watu, walisema mnadani, alipotelea kwenye ukungu akiwa zamu, hata maiti haikuonekana.

"Basi mpaka leo hajapumzika," Loveday alitania.

"Atapumzikaje? Zamu haiachwi mpaka mwenzio atamke 'nimepokea'." Jago akacheka, akaenda zake bandarini.

Asubuhi hiyohiyo ukungu ukashuka. Loveday akachungulia dirishani kwa darubini, na pale ukingoni mwa gati akamwona kijana mwenye sare ya kale, amelowa chapachapa, anamtazama yeye. Harufu ya mwani ikajaa sebuleni. Kijana yuko kule mbali, lakini sauti yake ilimjia sikioni: "Bibi, nimechoka. Nipokee."

Mke wa baharia hakosi mzaha. "Nimepokea, bwana. Kalale."

Gati likabaki tupu. Miguu ya Loveday ikagoma.

Chumbani mwanawe mchanga, Wenna, akaamka akalia, na Loveday akavuta mguu huu, akavuta ule, sakafu imemshika, darubini imeng'ang'ania kiganjani, na mtoto analia, anakohoa, anapaliwa, sijui blanketi limemfunika uso, na maziwa yanamchuruzika mama kifuani, na mlango wa chumba ule pale anauona, na hawezi, hawezi, mpaka kilio kikaanza kufifia.

Jago akaingia, anarudi kutoka bandarini. "We Loveday! Mtoto anakufa kwa kilio, umesimama kama mlingoti?"

Angeweza kumwambia: nenda wewe. Maneno mawili tu, na mtoto angepona. Lakini Loveday mwenyewe angebaki pale dirishani, maisha.

Akamnyooshea darubini. "Zamu yako, Jago."

"Nimepokea," akajibu, ulimi wa baharia umezoea, hata hajafikiri.

Darubini ikahamia kiganjani mwa Jago, na miguu ya Loveday ikafunguka. Akakimbia, akamfunua Wenna, akambana kifuani. Mzima!

"Jago?" akanong'ona.

Kisha kutoka sebuleni, karibu na mlango pekee wa kutokea nje, ikaja sauti ya mumewe, ya upole, imechoka:

"Mpenzi, mlete mtoto. Kuna mgeni hapa, amelowa, anasema zamu yake imekwisha, anaomba kumpakata."