Sauti Isiyovuta Pumzi

Ilianza na karatasi ya muziki. Wenseslaus aliuacha mstari wa tarumbeta ukiwa mtupu, akaenda kunywa chai, aliporudi akaukuta umejaa noti na wino haujakauka. Uzee huo, akajisemea. Miaka arobaini alikuwa amepiga piano ya jazi kwenye mahoteli na kwenye meli, akiwapangia wanabendi nani aingie wapi na nani anyamaze, na sasa eti anasahau alichoandika mwenyewe.

Ukweli ni kwamba alikuwa amefanya kosa, tena la aibu. Mkewe Elinipendo alifia hapo nyumbani Uru yeye akiwa Dubai, na mkataba haukumruhusu kuja kuzika. Au tuseme hakukazana sana kuomba. Aliporudi alikata jani la sale, akalifunga fundo kama afanyavyo Mchaga anayeomba msamaha. Lakini jani hilo hupelekwa kwa uliyemkosea, na Elinipendo alikuwa amelala mgombani, hatua thelathini kutoka mlangoni. Wenseslaus aliona haya kusimama mbele ya kaburi. Akaliweka jani juu ya piano.

"Nisamehe, mke wangu," akasema. "Njoo hata uniimbie tu."

Hakutaja jina. Basi akaja aliyesikia.

Siku ile ile ya karatasi, saa tisa alasiri, sebule ilijaa harufu ya udi ambao hakuna aliyeuchoma, piano ikaanza kulia na mfuniko wake umefungwa, na juu yake ikapanda sauti ya Elinipendo, ile ile, nzito kidogo, ikiimba wimbo aliompangia walipokuwa wachumba, ikaifikia noti ya juu na kuishikilia, ikaishikilia mpaka kuku wakanyamaza uani, mpaka Wenseslaus mwenyewe akabanwa kifua kwa kuingoja ipumue, nayo haikupumua, ilhali Elinipendo alikuwa na pumu na kila mstari aliukata katikati. Alijua. Alijua siku hiyo hiyo kwamba si yeye, na bado akakaa kimya wiki tatu, akisikiliza na kulia, kwa sababu alimpenda.

Aliyemleta maalimu kutoka Majengo ni shemeji yake Mektrida, dada wa marehemu. Maalimu alisoma dua, akafukiza ubani, kisha akanong'ona, "Mimi peke yangu simwezi jini huyu. Aliyemkaribisha ni wewe, mzee. Mwambie siye mkeo. Ila akiondoka, ataondoka na sauti aliyoiazima."

"Siwezi."

"Shemeji, umebaki mifupa!" Mektrida akadakia. "Sema, nakuomba."

Sauti ikatoka ndani ya piano, taratibu. "Baba Praygod, unaniacha tena?"

Wenseslaus akajishikiza ukutani. "Wewe si Elinipendo," akasema. Nyuzi zote za piano zikakatika kwa mkupuo mmoja. Harufu ya udi ikaisha.

Maalimu alipoondoka, Mektrida alitaka kumfariji shemeji yake. Akatoa simu, akafungua wimbo wa kwaya aliourekodi Pasaka ya mwisho, Elinipendo akiimba peke yake, akikata mistari, akikohoa kidogo. Wenseslaus aliusikiliza mpaka mwisho kwa adabu, ameinamisha kichwa, kama alivyozoea kuwasikiliza waimbaji wapya waliokuja kuomba kazi.

"Anaimba vizuri," alisema. "Ila pumzi hana. Ni nani huyu?"