Jemadari Aliyefunga Lango

Tik, tik, tik. Kabla hakujapambazuka nilisikia vibonyezo vya kile kidude cha gemu sebuleni, halafu vikanyamaza ghafla. Mjukuu wangu huwa anacheza kidogo kabla hajakaa kwenye cherehani yake. Leo kimya kilizidi, nikashika ukuta nikajikokota mpaka mlangoni. Tangu nipate kiharusi, mguu wa kushoto haunitii.

— Kuna nini, mama?

— Amemuua, Bibi.

— Nani kamuua nani?

— Fundi. Kamuua Jemadari.

Nikashusha pumzi. Fundi ni mchumba wake, anatengeneza lifti, na gemu lenyewe alilileta yeye. Jemadari ni wa ndani ya runinga, jitu la nguo za chuma linalolinda lango la mji. Wachezaji wote wanamchukia. Mjukuu wangu peke yake ndiye aliyekuwa akimtetea. Miezi minne alikuwa akifika langoni anakataa kupigana, anatafuta njia nyingine. Jana, wakati mjukuu wangu ananiogesha, Fundi alichukua kidude akamuua Jemadari ili kumpitisha langoni. Na gemu hilo ukishapita umepita, halirudi nyuma.

Simu yake ikalia, ujumbe umeingia. Akanisomea:

"Umeamka? Zawadi yangu umeiona? Sasa njia nyeupe. Saa nne nakuja kuchukua jibu langu. Nakupenda."

Jibu la swali gani, nilijua. Fundi amepata kazi mji wa mbali, anaondoka leo mchana. Anataka waende pamoja, wakafunge ndoa hukohuko. Wiki mbili mjukuu wangu hajasema ndiyo wala hapana.

Saa nne akaja na begi lake la safari. Kabla ya yote alisogeza kiti changu penye jua, kama afanyavyo siku zote.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba, baba.

Akamgeukia mwenzake.

— Mbona uso huo? Umenuna kwa sababu ya gemu?

— Ulimuua bila kuniuliza.

— Mpenzi, yule ni adui. Kawafungia watu nje na tauni. Mke wake mwenyewe yuko nje analia. Mtu gani huyo?

— Mtu aliyeahidi. Mfalme alimwachia watoto wa mji mzima, akamwambia asifungue mpaka ugonjwa uishe. Angemfungulia mkewe, wale wengine angewaambia nini? Unadhani hakutaka kumfungulia?

— Katili tu.

— Kila jioni anamshushia mkewe chakula kwa kamba, cha kwake mwenyewe. Hilo hukuliona. Na upanga ukikuponyoka, anafanyaje?

Fundi akakuna kichwa.

— Uliniponyoka mara mbili. Akasimama tu. Nikadhani gemu limekwama.

— Alikuwa anakungoja uuokote.

— Sikujua.

— Na wewe ukafanyaje?

— Nikauokota nikampiga.

Alisema kwa sauti ndogo. Nilimhurumia. Nia yake ilikuwa njema, alitaka kumrahisishia.

— Nilidhani umeshindwa pale, akasema. — Ungeniambia.

— Nilikwambia mara ngapi? Ulikuwa unacheka.

Akavuta kigoda akaketi.

— Hebu niambie ukweli. Hapa tunamsema Jemadari, au tunajisema sisi?

Mjukuu wangu akawa anazungusha pete kidoleni.

— Mama yangu anakata roho nilimshika mkono. Nikamwahidi kwamba Bibi hataachwa kwa mtu baki.

Hapo ndipo nilipoelewa. Watoto wa mji nilikuwa mimi. Na aliyefungiwa nje ni huyu kijana aliyenisogezea kiti.

— Mwanangu, nenda, nikasema. — Shangazi yako atanichukua.

— Shangazi kasema lini?

Nilikuwa nimedanganya. Shangazi yake hajanipigia simu mwaka mzima.

— Basi twende na Bibi, akasema Fundi. — Nilichopewa ni chumba kimoja, lakini tutajibana.

— Ghorofa ya ngapi? nikauliza.

— Ya nne.

— Kuna lifti?

Akainamisha kichwa.

— Hakuna, Bibi.

— Fundi wa lifti mzima, unapewa jengo la ngazi.

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka. Kisha mjukuu wangu akaanza kulia katikati ya kicheko.

— Usiende basi, akamwambia Fundi.

— Nimeshasaini. Miaka miwili. Wadogo zangu watatu wako shule, wananitegemea mimi. Nimewaahidi.

— Najua. Wala sikulaumu.

— Nami sikulaumu. Nisamehe kwa jana. Nisamehe kwa kutokukusikiliza.

— Nimekusamehe.

Akaanza kuvua pete. Fundi akamfunika mkono kwa mkono wake.

— Usivue. Sikudai jibu tena. Ikikuchosha, uivue mwenyewe siku hiyo, usiniambie.

Nilikaa pale juani na mguu wangu mbovu, nikiwaona wawili wasio na kosa wakiagana kwa ajili yangu. Ningekuwa na nguvu ningetembea mwenyewe mpaka kwa shangazi yake. Bila ukuta wa kushika sikuweza hata kusimama.

Fundi akainua begi lake. Mjukuu wangu hakumsindikiza, alikwenda kwenye cherehani akaanza kushona bila uzi. Kijana alipofika kwangu aliona ndala imenitoka, akapiga goti akanivisha polepole, asiumize kidole. Nikamshika mkono. Sikuwa na kingine cha kumpa.

— Uje tena kutuona, baba. Hata ukichelewa, uje.