Faili la Mwisho la Kijiko

Faili lilikuwa la dakika mbili tu, lakini laptopu ilisema bado nusu saa lifike kwenye flashi. Fundi akacheka. "Dada, hii mashine yako imenizidi umri."

Dada yake hakucheka. Alikuwa kwenye kiti cha wateja tangu saa saba mchana, mkoba mapajani. "Nitolee sauti za mwanangu kabla haijafa, mdogo wangu. Nimebaki na hizo tu."

Mtoto huyo walimwita Kijiko, maana alikuwa halali bila kijiko mkononi. Homa ilimchukua akiwa na miaka sita. Yalibaki mafaili kumi ya sauti yake: akihesabu, akiimba, akimwita mama yake aje amwone.

Fundi alisugua matundu ya USB kwa mswaki na spiriti, akahamisha flashi upande wa kulia, akabadili flashi yenyewe, akaiweka upya programu inayoendesha matundu. Picha za harusi zikapita upesi. Barua zikapita. Mafaili ya Kijiko ndiyo yaliyojikokota, kana kwamba kuna mtu tunduni anayasikiliza moja moja kabla ya kuyaruhusu.

Diski ilikuwa imejaa, na fundi kwa haraka zake akafanya alivyozoea: badala ya kukopi, alikata. Ukikopi, faili hubaki lilipo. Ukikata, likishapita, kule halipo tena. Hakumwambia dada yake. Wala bismillahi hakuisema, na sala ya adhuhuri aliiacha ikapita kwa sababu ya kazi hiyo hiyo.

Mafaili tisa yalipofika, akafungua la kwanza. Kimya. La pili, kimya. Yote tisa. Akajaribu kuyafufua kwenye laptopu. Yakarudi na majina yake, bila sauti.

Ndipo harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ilipopanda mezani, na kutoka tundu la kushoto, ambalo halikuwa limechomekwa kitu chochote, na spika alikuwa amezizima tangu asubuhi, kikatoka kisauti chembamba, polepole, kama cha mtu anayejaribu nguo isiyo yake.

"Moja. Mbili. Mama, njoo unione."

"Umesikia?" dada akanong'ona.

"Nimesikia. Usiitikie."

"Ni mwanangu."

"Dada, nakuomba. Usiitikie."

Fundi akamkimbilia mwalimu wa madrasa, jirani yake wa mlango wa pili, akarudi naye. Mwalimu akasoma dua, mkono ukiwa juu ya mashine, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Jini huyu hana sauti yake, ndiyo maana anaiba. Akitoka, ataondoka na alichokwisha kula. Kimebaki nini?"

"Faili moja. Liko nusu njia."

"Basi lisimalizike. Mama ndiye achomoe. Mtoto ni wake."

Dada akaishika flashi, na mwalimu akaendelea kusoma, na kisauti kikaanza kuyaunganisha maneno ambayo Kijiko hakuwahi kuyaunganisha, mama mbili, mama njoo, njoo mama njoo, kikipanda na kushuka mpaka vidole vya mama vikalegea, vikakaza, vikalegea tena, na machozi yakamdondokea kwenye vitufe huku fundi akishindwa hata kumshika bega, kwa kuwa alijua ni mkono wa nani uliokata.

"Nisamehe, mwanangu," mama akasema, akachomoa.

Harufu ikakatika. Faili la kumi lilikuwa zima kwenye laptopu: sekunde nne, Kijiko akicheka. Safari hii fundi alilikopi. Likapita mara moja.

"Mungu akulipe, mdogo wangu," dada akasema. "Bila wewe hata hiki kicheko nisingekipata."

Fundi akafungua kinywa amwambie. Kilichotoka ni, "Amina."

Akamwashia spika. Dada akasikiliza mara ya kwanza akitabasamu. Mara ya pili akainamisha kichwa. Mara ya tatu tabasamu likamtoka.

"Siku niliyomrekodi hivi tulikuwa wawili tu chumbani," akasema taratibu, "na mimi sikucheka. Huyu anayecheka nyuma yake ni nani?"

Fundi alikuwa amekisikia kicheko hicho cha pili tangu mara ya kwanza.

"Ni mwangwi, dada," akasema. Hilo likawa la pili alilomficha siku ile.